Ukishafilisika na mahakama ikakufutia madeni, ulipe kwa hiari au uache?

#1 KibuyuTupu (mleta mada)

Wakuu, hili naomba tulichambue kwa undani, tusiishie kwenye "dawa ya deni kulipa" halafu tukatawanyika.

Mtu amefilisika kisheria. Msimamizi wa ufilisi ameuza kilichouzika, wadai wamegawana, kilichobaki kimefutwa na amri ya mahakama ipo kabatini. Miaka miwili baadaye kasimama tena, kipato kinaingia, kila mwezi anabakiza kidogo. Sasa wapo watu anaotaka kuwalipa.

Nimeweka mfano ili wote tupige hesabu moja. Sarafu chagua mwenyewe. Alikuwa na deni la kadi ya benki 6,000, la muuzaji wa jumla 1,500, la rafiki 900, na mkopo wa 2,400 ambao shemeji yake alisaini kama mdhamini. Jumla 10,800. Mgawo wa msimamizi ulikuwa asilimia 11, kwa hiyo wadai wakapata 1,188 kati yao. Pengo ni 9,612.

Anaruhusiwa kulipa? Akilipa kidogo, deni zima linafufuka? Aanze na nani? Na jina lake linasafishika kwenye rekodi za mikopo?

#2 Bi_Leja

Anaruhusiwa. Kwa Marekani hilo limeandikwa waziwazi: Sheria ya Ufilisi, kifungu cha 524(f), kinasema hakuna kinachomzuia mdaiwa kulipa deni lolote kwa hiari yake. Kifungu hichohicho cha 524 ndicho kinachompiga marufuku mdai kudai. Yaani mlango uko upande mmoja tu: mdaiwa anaweza kutoka nje na pesa mkononi, mdai hawezi kuingia kuzifuata.

Na deni halifufuki kwa sababu umelipa sehemu yake. Hapa wengi wanachanganya vitu viwili. Deni lililopitwa na muda wa kudaiwa ni kitu kimoja, deni lililofutwa kwa amri ya ufilisi ni kingine. Deni la kawaida ambalo muda wake unakaribia kuisha, ukilipa hata kidogo au ukikiri kwa maandishi, saa inaanza kuhesabu upya. Uingereza hilo limo katika sheria ya ukomo wa madai ya 1980, kifungu cha 29. Lililofutwa kwenye ufilisi halina saa ya kuanzisha upya, wajibu wenyewe umeondoka. Unacholipa baada ya hapo ni hisani.

Ila kabla hatujafika mbali: mleta mada ahakikishe hayo manne kweli yalifutwa. Matunzo ya watoto, faini za mahakama, deni lililotokana na udanganyifu, na kwa Marekani na Uingereza mikopo ya wanafunzi, kwa kawaida havifutwi. Hivyo havina hiari. Mtu anayempelekea rafiki pesa huku matunzo ya mtoto yana malimbikizo, anajifariji tu.

#3 MizaniSawa

Naongezea suala la WAKATI, maana makosa makubwa ya jambo hili ni ya kalenda.

Kabla ya kufungua kesi. Mtu anaona maji yamefika shingoni, anasema "angalau ndugu yangu nimlipe kwanza, hao wengine wataenda kwenye ufilisi". Huo ni upendeleo wa mdai, na msimamizi ana haki ya kwenda kuzichukua hizo pesa kwa huyo ndugu. Marekani anaangalia siku 90 nyuma kwa wadai wa kawaida na mwaka mzima kwa ndugu na watu wa karibu. Uingereza ni miezi 6 na miaka 2. Ndugu ameshazitumia, halafu anapokea barua ya mwanasheria akitakiwa kuzirudisha. Ulitaka kumtendea wema, umemfanya mshtakiwa. Uingereza inaweza hata kukuletea vikwazo vya ziada vya ufilisi vya miaka 2 hadi 15.

Kesi ikiwa inaendelea. Hapa inategemea aina ya ufilisi. Kwa Marekani, kwenye Chapter 7, ule ufilisi wa kuuza mali na kufutiwa salio, mshahara unaoupata baada ya kufungua kesi ni wako, utumie utakavyo. Kwenye Chapter 13, ule mpango wa miaka 3 hadi 5, mshahara wa kipindi hicho unahesabiwa ni mali ya kesi. Ukimlipa mmoja pembeni kimyakimya umewaibia wengine waliomo kwenye mpango, na kesi yako inaweza kutupwa. Jambo jingine, mirathi: kwenye Chapter 7, ukipata haki ya kurithi ndani ya siku 180 tangu ufungue kesi, mali hiyo inaingia kwa msimamizi. Usiipokee leo ukamlipa rafiki kesho.

Baada ya kufutiwa. Hapa ndipo uwanja uko wazi. Lakini usihesabu kwa vidole, tafuta karatasi. Uingereza kufutiwa huja kwenyewe, kwa kawaida miezi 12 baada ya amri. Kenya, kwa sheria ya 2015, ni miaka 3 tangu mdaiwa awasilishe taarifa ya mali na madeni yake, kama hakuna pingamizi. Tanzania bado ni mfumo wa kuomba mahakamani, na mahakama inaweza kukupa kwa masharti. Mtu anaweza kukaa miaka kumi akijiona huru na kumbe hajawahi kuachiliwa, kwa sababu tu hakuomba.

#4 HesabuKali

Mimi nitakuwa mkorofi wa uzi huu. Benki usiilipe hata senti.

Ile riba ya kadi uliyokuwa ukilipa ilikuwa na sehemu ya hasara ndani yake. Mkopeshaji anajua katika wateja mia wachache watadondoka, akapanga bei kwa wote mia. Alishalipwa bima yake na wewe mwenyewe pamoja na wenzako. Tena deni lako la 5,340 lililobaki huenda lilishauzwa kwa kampuni ya kununua madeni kwa sehemu ndogo sana ya thamani yake. Ukilipa, hujamlipa aliyekukopesha, umemlipa mtu aliyenunua karatasi.

Sheria iliamua makusudi kwamba mtu aliyeanguka asibaki mtumwa wa wadai maisha yake yote. Mahakama Kuu ya Marekani ililisema wazi mwaka 1934 katika kesi ya Local Loan v. Hunt: mdaiwa mkweli aliyepatwa na bahati mbaya apewe nafasi mpya, asiyezongwa na madeni ya zamani. Leo unachukua nafasi hiyo na kuirudisha kaunta?

#5 Bi_Leja

Nakubaliana nawe kuhusu benki, mkuu. Kosa lako ni kutumia hoja ya benki kwa wadai wote wanne.

Muuzaji wa jumla hakuweka hasara yako kwenye bei, au aliweka kidogo mno. Rafiki ndiyo kabisa, hakutoza riba. Na kuna mmoja hapo ambaye watu humsahau: SHEMEJI.

Angalieni kilichompata. Amri ya kukufutia madeni inakuondoa wewe, haimuondoi mdhamini. Mkopeshaji wa ile 2,400 alipata 264 kwenye mgawo, akageuka kwake akachukua 2,136. Kisheria mdhamini akilipa anapata haki ya kukudai wewe. Lakini haki hiyo nayo ilikuwepo tangu siku aliyosaini, ikisubiri tu tukio, kwa hiyo mara nyingi nayo inazikwa ndani ya ufilisi wako. Yaani amelipa pesa taslimu, mkopeshaji amekamilishiwa, wewe umeachiliwa, na yeye peke yake kabaki na shimo mfukoni na hana wa kumdai. Ukiwapanga wote kwa haki, huyu anasimama mbele ya kila mtu.

Mpangilio wangu: shemeji 2,136, rafiki 801, muuzaji wa jumla 1,335. Jumla 4,272. Benki nje.

#6 ChumaUlete

Na wale wengine wakisikia shemeji kalipwa? Si watakuja juu kwamba kuna upendeleo?

#7 MizaniSawa

Waje juu tu. Upendeleo wa kisheria ni wa kabla na wakati wa kesi, pale pesa zilipokuwa za kugawana. Ukishaachiliwa, pesa zako mpya si za kugawana na yeyote. Unaweza kumlipa mmoja mia kwa mia na mwingine sifuri, hakuna wa kukushtaki.

Hatari ni nyingine. Ukitoa donge kubwa miezi mitatu baada ya kuachiliwa, mtu atauliza limetoka wapi. Marekani msimamizi au mdai anaweza kuomba amri ifutwe kwa udanganyifu ndani ya mwaka mmoja baada ya kutolewa. Kama pesa ni halali, weka ushahidi: hati za mshahara, mkataba wa kazi, taarifa ya benki inayoonyesha akiba ilivyopanda mwezi kwa mwezi. Kama zilikuwa zimefichwa, huo si uzi huu.

#8 HesabuKali

Sawa, shemeji nimesalimu amri.

Ila tupige hesabu ya uwezo, maana watu huamua kulipa kwa moyo na wanaishia kufilisika tena. Na Marekani ukishafutiwa madeni kwenye Chapter 7, kufutiwa tena kwa Chapter 7 ni mpaka ipite miaka 8 tangu ulipofungua ile kesi ya kwanza. Katikati hapo kinga yako ni nyembamba.

Tuseme baada ya matumizi yote anabakiza 150 kwa mwezi. Kwanza asilipe mtu yeyote mpaka awe na akiba ya dharura ya matumizi ya miezi 3, na kama kipato si cha kudumu iwe 6. Akifika hapo, agawe: 100 ya wadai wa hiari, 50 iendelee kukaa. 4,272 gawanya kwa 100 ni karibu miezi 43. Miaka mitatu na nusu. Ukiingiza na benki, 9,612, ni miezi 96, miaka 8 kamili. Sasa mwenye nguvu ya kusema "nitalipa wote" aitazame hiyo namba kwanza.

Na gari likiharibika mwezi wa 14, ile 100 inasimama bila kuomba radhi. Ndiyo maana ya hiari.

#9 ChumaUlete

Lakini wakubwa walilipa wote. Mark Twain alifilisika akazunguka dunia akitoa mihadhara mpaka akamlipa kila mtu. Harry Truman kabla ya kuwa rais duka lake la nguo lilikufa, akalipa kwa miaka. Hiyo ndiyo heshima.

#10 Bi_Leja

Mifano mizuri, ila hailingani na swali.

Kampuni ya uchapishaji ya Mark Twain ilianguka mwaka 1894. Wakati huo Marekani haikuwa na sheria ya shirikisho ya ufilisi kabisa. Ile ya 1867 ilifutwa 1878, na nyingine ikaja Julai 1898. Yeye alimaliza kulipa mwanzoni mwa 1898. Kwa hiyo hapakuwa na amri ya shirikisho ya kumfutia chochote, wadai bado walikuwa wanamdai. Truman naye alikataa kuomba ufilisi duka lilipofungwa 1922, ni mshirika wake Eddie Jacobson aliyeomba, mwaka 1925. Hao wawili walilipa madeni yaliyo hai.

Mfano unaofaa ni Henry Heinz, yule wa sosi ya nyanya. Kampuni yake ya kwanza ilifilisika 1875. Mwaka uliofuata biashara ikaanza upya kwa majina ya mdogo wake na binamu yake, kwa sababu yeye jina lilikuwa limefungwa na ufilisi. Akatenga daftari la madeni aliyoyaona ni wajibu wa kimaadili, akawa anayapunguza taratibu. Zingatia mpangilio: biashara mpya kwanza, daftari likafuata nyuma yake. Angeanza na daftari kusingekuwa na sosi wala malipo.

#11 SautiYaUfukwe

Kwa upande wa imani, kwa kifupi. Fiqhi ya Kiislamu haimfutii muflisi deni kwa kutangazwa tu. Mali inagawiwa, salio linabaki kwenye dhima yake mpaka aweze, au mdai asamehe. Aya ya 280 ya Suratul Baqara inamtaka mdai ampe muda aliyekwama, na kusamehe ikahesabiwa ni sadaka na bora zaidi. Torati nayo, Kumbukumbu 15, inaamuru maachilio kila mwaka wa saba, na hapo jukumu linawekwa kwa mkopeshaji. Kwa hiyo anayeona dhamira inamsuta asiishie kujipangia kulipa tu. Anaweza pia kwenda kwa mdai na kuomba msamaha wa deni kwa uwazi, akakubaliwa au akakataliwa. Wengi hawafanyi hivyo, wanaona aibu kuomba kuliko kulipa.

#12 KibuyuTupu

Asanteni. Mmenijibu kuhusu wakati na nani. Bado rekodi ya mikopo. Akilipa benki 5,340 yote, si jina linasafishika?

#13 MizaniSawa

Hapana, na huu ndio uongo unaowagharimu watu zaidi ya mwingine wowote.

Ufilisi unakaa kwenye rekodi kwa muda wake, ulipe usilipe. Marekani sheria inaruhusu uonekane mpaka miaka 10, Uingereza kwa kawaida 6. Akaunti iliyoingia kwenye ufilisi inatakiwa isomeke salio sifuri. Ukilipa, sifuri haiwezi kuwa sifuri zaidi.

Kuna hata madhara ya upande wa pili. Malipo yanapoingia kwenye akaunti iliyofungwa, mfumo wa mkopeshaji unaweza kuiamsha: inaandikwa "ina malimbikizo", au inahamishiwa kitengo cha ukusanyaji ambako hakuna mtu anayejua habari za ufilisi. Mwezi mmoja baadaye unapigiwa simu ya "tumeona umeanza kulipa, lini unamalizia?" Marekani hiyo simu ni kuvunja amri ya mahakama, lakini utatumia muda na pengine wakili kuinyamazisha. Aliyelipa avute taarifa yake ya mikopo siku 30 hadi 60 baadaye na kuangalia mstari kwa mstari.

Njia moja ya kulipa inayobadilisha kitu ni ile ya Uingereza ya kubatilisha amri yenyewe ya ufilisi, kifungu cha 282 cha sheria ya 1986. Inawezekana hata baada ya kuachiliwa. Ila hapo si kulipa unayempenda: ni wadai wote waliothibitishwa, gharama za msimamizi, ada, na mahakama inaweza kuangalia riba ya kisheria ya asilimia 8 kwa mwaka. Gharama za msimamizi peke yake huwa zinamfanya mtu afunge faili aende zake. Inamfaa aliyepata pesa nyingi kwa mkupuo na ana sababu maalumu, kama leseni ya taaluma iliyokataliwa.

#14 Bi_Leja

Nije kwenye namna ya kulipa, maana hapa kuna mitego ya karatasi.

Usisaini chochote anachokupa mdai. Chochote. Atakuambia ni fomu ya kupokea malipo tu, kumbe ndani kuna "nakubali kuwa nadaiwa na ninaahidi". Marekani makubaliano ya kulihuisha deni yana masharti magumu: yafanyike kabla ya amri ya kufutiwa kutolewa, yawasilishwe mahakamani, na mdaiwa ana haki ya kuyatengua mpaka amri itolewe au siku 60 zipite tangu yawasilishwe, lolote litakalochelewa. Kwa hiyo karatasi ya baadaye haimfungi. Lakini kwingineko, mdai akikupa kitu kipya kama malipo ya ahadi yako, mkopo mpya au bidhaa, unaweza kuwa umezaa deni jipya kabisa lenye jina la zamani. Mtego wenyewe wa kawaida ni "chukua kadi yetu mpya, salio la zamani tutaliingiza humo". Hapo umenunua deni lako mwenyewe.

Usiahidi kiasi wala tarehe, hata kwa rafiki. Ukisema "nitakupa 50 kila mwisho wa mwezi", mwezi wa tano ukikosa umeshakuwa mdaiwa tena machoni pake, na mara hii hakuna mahakama ya kukutetea mbele ya familia. Kusanya, ukifikisha kiasi, peleka donge. Donge tatu za 267 kwa rafiki zinamaliza 801 na hakuna ratiba ya kuvunja.

Lipa kwa njia inayoacha alama. Benki au simu, na kwenye maelezo ya muamala andika "malipo ya hiari". Si "marejesho ya mkopo", si "awamu ya 1". Pesa taslimu kama hapana budi, na risiti.

Ambatanisha barua fupi. Mfano:

"Natuma kiasi cha 267. Deni nililokuwa nalo kwako liliondolewa na amri ya mahakama ya tarehe fulani, kesi namba fulani. Malipo haya nayatoa kwa hiari yangu. Hayafufui deni hilo, si ahadi ya malipo mengine, na sitambui wajibu wowote wa kisheria. Tafadhali thibitisha kupokea."

Nakala yake iweke pamoja na amri ya mahakama. Na hiyo amri tengeneza nakala, usiwe nayo moja.

#15 HesabuKali

Barua hiyo kwa muuzaji wa jumla sawa. Kwa rafiki ni baridi kama maji ya mtungi. Mpelekee rafiki ujumbe wa kawaida wenye maneno mawili tu ya lazima, "kwa hiari", basi. Rafiki akisoma "sitambui wajibu wowote wa kisheria" anaweza kukurudishia pesa zako na matusi juu.

#16 Bi_Leja

Hahaha, hilo nakupa. Rafiki: ujumbe. Shemeji: mwende mkaongee ana kwa ana, ujumbe wa muamala ubaki kama kumbukumbu. Barua kamili ni kwa biashara na kampuni.

#17 PembeTatu

Nachangia upande wa kodi, kwa kuwa hakuna aliyeugusa.

Kwa anayelipa: deni binafsi lililofutwa kwenye ufilisi Marekani halihesabiwi kuwa kipato, linaripotiwa kwa fomu namba 982. Ukija kulipa baadaye kwa hiari, usitegemee punguzo lolote la kodi kwa deni la matumizi binafsi.

Kwa anayepokea, hasa yule muuzaji wa jumla: kama ile 1,335 alishaiandika hasara vitabuni na ikampunguzia kodi, kinachorudi sasa kwa kawaida ni kipato cha mwaka alichokipokea. Na kama alidai kurejeshewa VAT ya deni bovu, Uingereza kwa mfano, anatakiwa airudishe kwa sehemu aliyolipwa. Kwa hiyo mwambie mapema pesa ni za ankara zipi, na namba zake kama unazo. Ukimtupia tu 400 bila maelezo, mhasibu wake ataziweka kwenye akaunti ya muda na zitakaa huko bila mtu kujua ni za nini, halafu wema wako haujaonekana na mwenye duka mwenyewe.

Pia angalieni nani hasa alikuwa mdaiwa. Kama aliyeagiza mzigo ilikuwa kampuni yenye dhima ya kikomo, wewe binafsi hukuwahi kudaiwa, labda kama ulisaini udhamini. Kulipa kutoka mfukoni kwako ni zawadi tangu mwanzo hadi mwisho.

#18 ChumaUlete

Na kama mdai amefariki? Au kampuni imefungwa?

#19 PembeTatu

Amefariki: mpe msimamizi wa mirathi mwenye barua ya mahakama, si mtoto mkubwa aliyekuja kukusalimia. Kama mirathi imeshafungwa, warithi wote wajulishwe kwa pamoja, la sivyo umepanda ugomvi kwenye nyumba ya watu.

Kampuni imefutwa kwenye daftari: hakuna wa kupokea. Mali ya kampuni iliyofutwa Uingereza huwa ya serikali. Kumtafuta aliyekuwa mkurugenzi na kumpa yeye si kulipa deni, maana hakuwa mdai wako.

#20 MizaniSawa

Nisahihishe na kitu kimoja ambacho kinaweza kumpotosha msomaji: haya yote ni kwa madeni yasiyo na dhamana. Nyumba au gari lenye rehani, amri inakuondolea wewe wajibu binafsi lakini rehani inabaki juu ya mali. Marekani hilo lina umri tangu kesi ya Long v. Bullard ya 1886. Ukiendelea kulipa nyumba si hisani kwa benki, unalinda paa. Ukiacha hawatakushtaki wewe, watachukua nyumba. Kwa hiyo kwenye ile hesabu ya HesabuKali malipo ya rehani yanakaa kwenye matumizi ya lazima, si kwenye ile 100.

#21 KibuyuTupu

Nimeelewa. La mwisho: tuseme kaamua kumpelekea benki 200 za kuonyesha nia njema, benki ikazirudisha. Na shemeji naye kasema hataki, yameisha. Afanyeje?

#22 HesabuKali

Benki imezirudisha kwa sababu akaunti ilishafungwa au deni lilishauzwa, leja ya kuziweka haipo. Azipokee, aziweke kwenye akiba ya dharura, asiwatafute tena. Na asikubali "tukuunganishe na kampuni iliyonunua".

#23 Bi_Leja

Shemeji aulizwe mara ya pili baada ya miezi kadhaa, faraghani, mke wake asiwepo na wakwe wasiwepo, maana mara ya kwanza watu hukataa kwa sababu kuna wanaowatazama. Awe na donge la kwanza tayari, tuseme 712, theluthi ya 2,136, asije na maneno matupu. Akikataa tena kwa utulivu, amwombe aandike ujumbe mmoja tu kwamba amesamehe. Ujumbe huo utamfaa siku watoto wa shemeji watakapokuta ule mkataba wa udhamini kwenye makaratasi ya baba yao na kuanza kuuliza.